Mtoto Asiyetulia

Katika kila kijiji yuko mtoto mmoja ambaye jina lake huitwa kuliko majina ya watoto wengine wote. Huitwa asubuhi, huitwa mchana, huitwa jioni. "Shuka!" "Acha!" "Rudi hapa!" "Si nimekwambia?" Huenda mtoto huyo ni wako.

Akiketi kula, hula matonge mawili, husimama, hutoka nje kumfukuza jogoo, kisha hurudi na mikono imejaa vumbi. Akianza kufagia uwanja, ufagio hukutwa umelala katikati ya uwanja naye hayupo. Wakubwa wakizungumza hudakia maneno. Si mtoto mbaya. Hucheka upesi, husahau ugomvi upesi, na akimwona bibi anakuja na mzigo hukimbia kumpokea. Lakini kila siku kuna kilichovunjika, kilichomwagika au kilichopotea, na kila siku ni yeye.

Watu husemaje? Baba husema mtoto ni mkaidi. Bibi husema amerogwa, au ana majini. Mwalimu husema ni mvivu. Jirani husema mama yake hakumfunza adabu. Neno hili la jirani ndilo linaloumiza kuliko yote, maana mama hulala nalo na kuamka nalo.

Makala haya yanaeleza kwamba kuna watoto ambao kutotulia kwao si ukaidi, wala si uchawi, wala si malezi mabaya. Ni hali ya ubongo. Ukienda hospitali kubwa utasikia madaktari wakiiita ADHD. Maana yake ni upungufu wa makini pamoja na utukutu uliozidi.

Si ukaidi

Watoto wote hurukaruka. Mtoto wa miaka 4 anayekaa kimya kutwa nzima, huyo ndiye wa kumtilia wasiwasi. Basi utajuaje kwamba utukutu umezidi?

Mlinganishe na watoto wa rika lake, si na kaka yake mkubwa. Mtoto mwenye hali hii huwa na shida tatu, au baadhi yake. Hawezi kukaza mawazo kwenye jambo moja mpaka liishe. Hawezi kutulia mwili. Na hawezi kungoja: hutenda kwanza, hufikiri baadaye. Dalili hizo huanza kabla hajafika miaka 12, hudumu miezi 6 au zaidi, na huonekana nyumbani na mahali pengine pia, kama shuleni au msikitini au kanisani. Kama mtoto hatulii nyumbani tu, na kwingine kote ametulia, itazame kwanza nyumba. Pengine kuna ulevi, ugomvi, njaa au msiba. Kama ni shuleni tu, kaulizie mambo ya shuleni.

Wapo pia wasiorukaruka kamwe, hasa miongoni mwa wasichana. Binti huketi kimya, macho yako ubaoni, mawazo yako mbali. Akienda kuchota maji ndoo hujaa ikafurika naye amesimama anatazama vipepeo. Huyu hachapwi sana, kwa hiyo hakuna anayemtambua. Huitwa mzito wa akili, basi.

Uchunguzi wa nchi nyingi unaonyesha kwamba kati ya watoto 100, kama 5 wana hali hii. Darasa lenye watoto 60 laweza kuwa na watatu. Kwa hiyo jirani anayekusema, huenda mjukuu wake ndiye wa pili.

Hata madaktari walichelewa kuielewa. Mwaka 1902, huko London, daktari wa watoto aliyeitwa George Still aliwaeleza wenzake habari za watoto wenye akili nzuri lakini wasioweza kujizuia. Yeye alidhani kasoro iko katika maadili yao. Leo tunajua zaidi. Sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, ndiyo inayotusaidia kupanga, kungoja na kujizuia. Mwaka 2007 wataalamu wa Marekani walitoa matokeo ya kupima ubongo wa watoto zaidi ya 400, nusu yao wakiwa na hali hii na nusu hawana. Kwa wenye hali hii ubongo ulikuwa unakomaa kwa njia ile ile ya kawaida, ila ulichelewa kwa miaka 3 hivi, na uchelewaji mkubwa ulikuwa katika sehemu ile ya mbele.

Jambo hili lina faida kwako wewe mzazi. Mtoto wako wa miaka 9 anaweza kuhesabu kama wa miaka 9 na kusimulia hadithi kama wa miaka 9. Lakini katika kungoja na kujizuia, mhesabu kama wa miaka 6. Je, ungemwachia mtoto wa miaka 6 chungu kinachochemka? Utapungukiwa na hasira ukifikiri hivyo.

Hali hii hurithiwa sana. Pengine baba anayemchapa mtoto kwa kutotulia, naye alichapwa kwa jambo hilo hilo. Pengine wewe unayesoma sasa uliacha shule darasa la tatu kwa sababu hukuweza kuketi, ukaambiwa huna akili, na leo umejifunza kusoma ukiwa mtu mzima. Hali hii kwa wengi haiishi utotoni, ila hubadilika. Mtu mzima haparamii miti tena, lakini huanza kazi tano asimalize hata moja.

Kumtuma dukani

Hapa ndipo ugomvi mwingi wa kila siku unapoanza, kwa hiyo tukae hapa kidogo.

Mama yuko jikoni, moshi umemjaa machoni. Anapaza sauti: "Wewe, nenda dukani ukanunue chumvi, ukitoka pitia kwa shangazi uchukue ungo wangu, na ukirudi uwafunge mbuzi kabla jua halijatua!" Mtoto anaitika, "Naam, mama," na mguu umeshatoka. Baada ya saa moja anakutwa njiani akiwatazama mafundi wa baiskeli. Fedha ameifumbata mkononi. Chumvi hana, ungo hana, mbuzi wamo katika mihogo ya watu.

Mama anasema, "Amenidharau." Sivyo. Alipoambiwa mambo matatu, la kwanza liliingia, la pili likalisukuma la kwanza, na la tatu likaanguka nje. Kuitika aliitika kwa moyo safi.

Jaribu hivi. Usimtume kwa kupaza sauti kutoka jikoni. Mwite aje. Mshike bega, akutazame usoni. Sema jambo moja tu: "Mwanangu, nenda dukani ukalete chumvi." Mwambie arudie: "Unakwenda kuleta nini?" Akisema "Chumvi," mwache aende. Akirudi nayo, mshukuru pale pale, ndipo umtume ungo. Utaona kwamba safari mbili fupi huchukua muda mdogo kuliko safari moja ya kumtafuta.

Shukrani hiyo usiiahirishe. Mtoto huyu haoni mbali. Ukimwambia "Ukiwa mwema mwezi huu nitakununulia viatu sikukuu," ni kama hujasema kitu. "Ahsante mwanangu, umerudi upesi" inayosemwa sasa hivi ina nguvu kuliko viatu vya sikukuu. Hali kadhalika onyo. Liwe fupi, liwe sasa, na liwe lile lile kila siku. Baba asiruhusu alichokataza mama.

Tena chagua kazi. Kazi ya kukaa juu ya dungu kutwa nzima kuamia ndege wa mpunga haimfai akiwa peke yake. Ndege watashiba. Mpe kazi ya miguu: kupeleka chakula shambani, kuchota maji, kusomba kuni, kukusanya mahindi. Kama ni lazima aketi kupukuchua mahindi, mpe kikapu kidogo, siyo gunia. Kikiisha, akimbie mpaka mwembeni na kurudi, kisha aanze kingine. Wazee wengine watasema huko ni kumdekeza. Mimi naona mahindi yamepukuchuliwa.

Moto, kisima na barabara

Mtoto asiyeweza kungoja huumia zaidi ya wenzake. Huungua, huanguka, hugongwa. Kwake kusema "Angalia!" hakutoshi, kwa sababu neno hufika baada ya mwili kuondoka. Ni afadhali kubadili mahali kuliko kungoja mtoto abadilike. Weka mafiga mahali ambapo hapiti mbio. Kisima kiwe na mfuniko mzito. Mafuta ya taa usiyatie katika chupa ya soda. Dawa ya kunyunyizia pamba au mboga ifungiwe, siyo kuwekwa juu ya dari, maana darini ndiko anakopanda. Na mahali penye barabara ya bodaboda, mshike mkono hata kama rika lake wanavuka wenyewe.

Je, kiboko? Tuseme wazi. Mtu akiteremka mlima kwa baiskeli isiyo na breki, hatumchapi ili baiskeli isimame. Mtoto akichapwa hutulia kwa hofu muda mfupi, kisha ubongo wake hurudi ulivyokuwa. Kinachobaki ni kujifunza mambo mawili: kusema uongo, na kujiona hafai. Mtoto anayeambiwa kila siku kwamba ni mbaya, akifika miaka 14 huwatafuta wale watakaomwona mzuri, na hao huwa si watu wa kuwapenda.

Shuleni

Usingoje kuitwa na mwalimu. Nenda wewe kwanza, siku ambayo hakuna kesi. Mwambie: "Mwalimu, mwanangu ana shida ya kutulia. Nakuomba umkalishe mbele, mbali na dirisha na mlango." Omba pia awe mfuta ubao au mgawa madaftari, ili mwili wake upate ruhusa ya kuinuka. Mwalimu mwenye watoto 80 hawezi mengi, lakini hayo anayaweza. Mengi ya haya hayagharimu hata shilingi.

Kabla ya kusema ni ADHD

Yapo magonjwa yanayofanana na hali hii. Mtoto anayetoka usaha masikioni huenda hasikii vizuri, naye huonekana hatii. Asiyeona ubao huchezacheza. Mwenye minyoo na upungufu wa damu huchoka na kuzubaa. Kuna pia aina ya kifafa kisicho cha kuanguka: mtoto hukatika katikati ya neno, hutazama mbali kwa sekunde chache, kisha huendelea kama kwamba hakuna lililotokea, tena mara nyingi kwa siku. Hicho kina dawa yake, na kikicheleweshwa mtoto hupoteza masomo. Tena kama mtoto alipata malaria ya ubongo, ile watu wanayosema imepanda kichwani, na utulivu wake ukapotea baada ya hapo, mwambie daktari. Uchunguzi uliofanywa Kampala, Uganda, umeonyesha kwamba baadhi ya watoto waliopona ugonjwa huo hubaki na shida ya kukaza mawazo.

Zipo dawa za hali hii. Inayojulikana sana ni methilifenidati. Haiponyi, bali humsaidia mtoto kutulia kwa saa kadhaa, kisha nguvu yake huisha. Yaweza kupunguza hamu ya kula na usingizi. Hutolewa na daktari tu, baada ya kumpima mtoto, na kwa mtoto aliye chini ya miaka 6 haianzwi nayo. Usikubali kununua vidonge vya kumlaza mtoto kwa mtu yeyote wa mnadani. Mtoto aliyeleweshwa si mtoto aliyetulia.

Daftari lako

Hapa kisomo chako kitakufaa. Chukua daftari. Kwa wiki mbili, kila jioni andika mistari mitatu: mtoto alifanya nini, saa ngapi, na kabla ya hapo kulitokea nini. Andika pia mazuri aliyoyafanya. Andika alivyozaliwa, kama ni kabla ya miezi kutimia au akiwa na uzito mdogo, na magonjwa makubwa aliyopata. Mwombe mwalimu naye aandike mistari michache.

Anza na zahanati au kituo cha afya, apimwe masikio, macho na damu. Hospitali za mikoa, na zile kubwa kama Muhimbili ya Dar es Salaam na Mirembe ya Dodoma, hushughulikia afya ya akili. Usione haya kwa neno hilo. Kwenda huko si kusema mtoto ni kichaa.

Ukifika, usiseme tu, "Mtoto huyu ananisumbua." Fungua daftari umsomee mganga ulichoandika. Akiwa na wagonjwa wengi na hana nafasi ya kusikiliza yote, msomee ukurasa mmoja, kisha mwambie: "Daktari, naomba uniandikie barua ya kwenda hospitali ya mkoa."