MAELEZO KWA WATUMISHI NA WANANCHI: SEVA ISIPOONEKANA KATIKA MTANDAO WA OFISI

Mwananchi aliyetoka shamba alfajiri kufuata cheti cha kuzaliwa huvunjika moyo anapoambiwa arudi kesho kwa sababu kompyuta haiioni printa. Aghalabu printa huwa nzima na waya haukukatika. Watumishi wanaelezwa hapa namna ya kuitafuta hitilafu hiyo kwa utaratibu.

Katika mtandao wa ndani, programu inayoomba huduma, yaani mteja, haijui seva iko wapi. Hutoa wito kwa vifaa vyote, mfano wa mpiga mbiu mtaani, na seva yenye huduma hiyo hujibu kwa kutaja jina, anwani na nambari ya mlango wake. Kanuni za wito huo, ziitwazo mDNS, zilitangazwa mwaka 2013 katika hati RFC 6762. Wito hupelekwa kwenye anwani 224.0.0.251, mlango 5353 wa UDP.

Basi liulizwe kwanza swali moja: je, jina la seva linaonekana?

Iwapo halionekani, yaangaliwe haya:

(a) Kompyuta zote mbili ziwe katika mtandao mmoja, kwani wito huu kwa kawaida hauvuki ruta. Anwani inayoanza na 169.254 ni dalili kuwa kompyuta haikupewa anwani na mtandao.

(b) Wi-Fi ya wageni mara nyingi hupangwa makusudi ili vifaa visionane.

(c) Ukuta wa kinga huenda umeuzuia mlango 5353.

Iwapo jina linaonekana lakini mteja hapati huduma, wito hauna lawama. Hapo itazamwe kama seva inasikiliza anwani 127.0.0.1 pekee, yaani inajisikiliza yenyewe, au kama ukuta wa kinga umeufunga mlango wa huduma. Yawezekana pia kuwa jina ni la seva iliyokwisha kuzimika. Kanuni hupendekeza taarifa za anwani zihifadhiwe kwa sekunde 120 na nyingi katika zilizobaki kwa dakika 75. Kwa hivyo seva iliyozimika bila ya kuaga huendelea kuonekana kana kwamba ipo.

Waandishi wa programu wanakumbushwa kwamba seva iage inapofungwa, na mteja aulize anwani na mlango upya kila anapotaka kuunganishwa. Anwani isiandikwe moja kwa moja ndani ya programu, kwani hubadilika.

Inasisitizwa kuwa ukuta wa kinga usizimwe kabisa ili kazi iende. Huenda printa ikaonekana, lakini kumbukumbu za wananchi zitabaki bila ya ulinzi. Ufunguliwe mlango unaohitajika tu, na kila kilichobadilishwa kiandikwe katika daftari la ofisi, ili atakayepokea zamu asianze upya na mwananchi asirudishwe tena nyumbani mikono mitupu.