Sura ya Sita: Vumbi Linapoamsha Jeni

Kuanzia Hombo, kwenye barabara ya kutoka Bukavu kwenda Walikale, hadi milima ya Masisi yenye malisho ya ng'ombe, hewa ina unyevu karibu mwaka mzima, na kwenye vilima usiku ni wa blanketi. Mazingira hayo humfaa sana mdudu asiyeonekana kwa macho: utitiri wa vumbi. Urefu wake ni kama theluthi moja ya milimita. Hula magamba ya ngozi tunayopukutisha, na maji huyafyonza kutoka kwenye unyevu wa hewa. Haumi wala hanyonyi damu. Kinachoumiza ni kinyesi chake, kwa sababu kimebeba kimeng'enya kiitwacho Der p 1, ambacho kazi yake ni kukata protini. Anayetengeneza jibini huko Masisi anaijua kazi ya namna hiyo: kimeng'enya cha tumbo la ndama hukata protini ya maziwa, na maziwa hayabaki kama yalivyokuwa.

Blanketi likikung'utwa, chembe za kinyesi huruka na kuvutwa puani hadi kwenye mirija ya hewa. Hapo Der p 1 hukata viungio vinavyozishikanisha seli za utando wa ndani. Seli zilizojeruhiwa hutoa ishara za hatari, zikiwemo IL-33 na TSLP, na seli za kinga huitikia kwa kutoa ishara nyingine: IL-4, IL-5 na IL-13. Hii ya mwisho ndiyo yenye mkono mrefu. Hujishikiza kwenye seli ya utando na kuiamsha protini iitwayo STAT6, nayo huingia kwenye kiini na kukaa juu ya DNA. Jeni ya MUC5AC huanza kufanya kazi kwa bidii, na ute mzito hujaa. Jeni za POSTN na CLCA1 nazo hupanda. Wakati huohuo FOXJ1, jeni inayosimamia vinyweleo vya kufagia mirija, hupungua nguvu. Takataka huongezeka huku wafagiaji wakipunguzwa. DNA yenyewe haikubadilika hata herufi moja. Kilichobadilika ni jeni zipi zinazosomwa, na kwa kiasi gani.

Wapo watakaosema pumu, ugonjwa unaozaliwa na mabadiliko hayo, ni ya ukoo, na mwenye kuirithi hana la kufanya. Urithi upo kweli: mwaka 2007 watafiti waliihusisha pumu ya watoto na eneo la kromosomu ya 17 lenye jeni ya ORMDL3. Lakini pacha wa kufanana, wenye jeni zilezile, hawaugui wote kila mara. Katika milima ya Papua New Guinea, utafiti wa mwaka 1985 uliihusisha pumu iliyokuwa ikiongezeka vijijini na utitiri uliojaa kwenye blanketi, vitu vilivyokuwa vigeni huko. Muda mfupi kama huo hautoshi kubadilisha jeni za watu. Nchini Uganda, utafiti wa Harriet Mpairwe na wenzake katika wilaya ya Wakiso ulionyesha kuwa watoto walioishi mjini utotoni walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya pumu kuliko wa vijijini. Pingamizi la pili lina uzito zaidi: je, moshi wa kuni hauchochei pumu? Huchochea, na si kila pumu hupitia njia ya IL-13. Mwaka 2009 Prescott Woodruff na wenzake, huko Marekani, waliikuta alama yake kwa takriban nusu tu ya wagonjwa waliowachunguza. Kwa hiyo hoja hii haidai kueleza kila kifua kinachobana.

Hata hivyo inaeleza kosa moja la gharama kubwa. Dawa ya salbutamoli hulegeza misuli ya mirija kwa saa chache, na mgonjwa hudhani amepona, ilhali jeni zilizoamshwa zinaendelea na kazi. Dawa ya kuvuta ya jamii ya steroidi, kama beklometasoni au budesonidi, huingia ndani ya seli na kuzituliza jeni hizo. Woodruff alionyesha mwaka 2007 kwamba POSTN na CLCA1 hushuka baada ya matibabu ya aina hiyo. Ndiyo maana tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa GINA haupendekezi tena kutibu pumu ya watu wazima na vijana kwa salbutamoli peke yake. Fua blanketi kwa maji ya moto, lianike juani, ondoa moshi chumbani. Na ukiandikiwa dawa ya kila siku, ivute hata siku ambayo kifua ni chepesi.