Tofauti za Rangi katika Mahabusu za Watoto Marekani: Swali Lililobadilishwa Portland

Idadi ya watoto na vijana wanaozuiliwa nchini Marekani katika mfumo wa haki za watoto imeshuka kutoka takriban 108,000 kwa siku mwaka 2000 hadi takriban 25,000 mwaka 2021. Hata hivyo, punguzo hilo halikuziba pengo la rangi: mwaka 2021 uwezekano wa mtoto mweusi kuzuiliwa ulikuwa bado unakaribia mara tano ya ule wa mtoto mweupe.

Tatizo hilo linatambuliwa kisheria. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1974 inayohusu haki za watoto wanaokinzana na sheria ilirekebishwa mwaka 1988 ili majimbo yashughulikie wingi wa watoto wa jamii za wachache vizuizini. Mwaka 2002 wajibu huo ulipanuliwa hadi kila hatua, kuanzia kukamatwa hadi kuhamishiwa mahakama ya watu wazima. Jimbo lisilotekeleza hukatwa angalau asilimia 20 ya ruzuku yake.

Mfano wa Wilaya ya Multnomah, jimboni Oregon, ulipo mji wa Portland, unaonesha pengo linakoanzia. Mtoto anapokamatwa, afisa hujaza fomu ya alama inayosaidia kuamua iwapo atarudi nyumbani au atawekwa mahabusu kusubiri shauri lake. Katika miaka ya 1990 wilaya hiyo iliipitia fomu hiyo kipengele kwa kipengele. Kigezo cha "familia yenye muundo mzuri" kilionekana kumwadhibu mtoto anayelelewa na mzazi mmoja au bibi yake. Badala yake liliwekwa swali jingine: je, yupo mtu mzima aliye tayari kuhakikisha mtoto anafika mahakamani? Hilo, kwa hakika, ndilo ambalo mahakama inahitaji kulijua. Kigezo cha kuhusishwa na magenge nacho kiliondolewa, na zikaanzishwa huduma za uangalizi nje ya mahabusu. Kufikia mwaka 2000, tofauti ya rangi miongoni mwa waliokamatwa na kisha kuwekwa mahabusu wilayani humo ilikuwa karibu imetoweka.

Hatua hizo hazikugusa kukamatwa kwenyewe, ambako polisi ndio huamua.

Marekebisho ya mwaka 2018 yanayataka majimbo yachambue takwimu za rangi na asili katika hatua za uamuzi na kuandaa mpango wenye malengo yanayopimika, bila kuweka mgao wa idadi kwa kundi lolote.