Njia ya Dinosauri ya Australia

Njia ya Dinosauri ya Australia ni njia ya utalii inayounganisha miji mitatu midogo ya Hughenden, Richmond na Winton katika nyanda kame za jimbo la Queensland, kaskazini mashariki mwa Australia. Katika miji hiyo na mashamba yanayoizunguka, wageni huona visukuku vya dinosauri na vya wanyama wa bahari ya kale, nyayo zilizogeuka kuwa mawe, na maabara ambamo mifupa husafishwa. Sifa yake kubwa ni kwamba mifupa mingi iliyopatikana katika miongo ya karibuni imebaki jirani na mahali ilipochimbwa, haikupelekwa katika miji mikuu wala nchi za nje.

Jiografia na asili ya visukuku

Eneo hili ni tambarare, lina miti michache na watu wachache. Mji wa Winton una wakazi chini ya 1,000, na uko zaidi ya kilomita 1,300 kutoka Brisbane, makao makuu ya jimbo. Shughuli kuu ya wenyeji ni ufugaji wa ng'ombe na kondoo katika mashamba makubwa sana.

Zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita sehemu kubwa ya nchi hii ilifunikwa na bahari ya kina kifupi, ambayo wanajiolojia huiita Bahari ya Eromanga. Ndiyo sababu Richmond, mji ulio mbali na pwani, una visukuku vya samaki, kasa na reptilia wakubwa wa baharini. Baadaye bahari ilijaa mashapo na kurudi nyuma, na mahali pake pakawa na mito, maziwa na misitu. Dinosauri wa Winton waliishi katika mazingira hayo miaka milioni 95 hivi iliyopita.

Juu ya miamba yenye mifupa kuna udongo mweusi wa mfinyanzi, unaofanana na ule wa mbuga za Afrika ya Mashariki. Udongo huo huvimba unaponyeshewa na kupasuka unapokauka. Kwa kurudiarudia mwendo huo kwa maelfu ya miaka, vipande vya mifupa husukumwa polepole hadi juu. Mfugaji anayeona vipande hivyo ardhini hupata dalili kwamba huenda kuna mifupa mizima zaidi chini yake.

Winton

Mwaka 1999 mfugaji David Elliott alipokuwa akikusanya kondoo katika shamba lake la Belmont, aliona kipande cha mfupa wa paja la dinosauri. Ugunduzi huo ulifuatwa na uchimbaji wa kila mwaka. Mwaka 2002 yeye na mkewe Judy walianzisha taasisi iliyokuja kuwa makumbusho ya Australian Age of Dinosaurs. Makumbusho hayo yako juu ya kilima chenye kilele bapa, nje kidogo ya mji.

Mwaka 2009 wanasayansi walitangaza spishi mpya kutoka Winton. Miongoni mwake ni Diamantinasaurus matildae, mla majani mwenye shingo ndefu, na Australovenator wintonensis, mla nyama. Mifupa yao ilikutwa pamoja katika shimo moja. Wenyeji huwaita "Matilda" na "Banjo", kwa kumbukumbu ya mshairi Banjo Paterson, aliyetunga maneno ya wimbo "Waltzing Matilda" katika eneo hilo mwaka 1895.

Mfupa ukichimbwa hufungwa kwa plasta ili usivunjike njiani. Kisha huhifadhiwa, pengine kwa miaka mingi, hadi zamu yake ya kusafishwa ifike. Kazi ya kuondoa mwamba kidogo kidogo hufanywa kwa sehemu kubwa na watu wa kujitolea waliopewa mafunzo, wakiwemo wakulima, wastaafu na wageni, nao watalii huwatazama wakiwa kazini. Tangu 2021 makumbusho huonyesha pia mwamba wenye urefu wa mita 54 uliojaa nyayo za dinosauri. Mwamba huo ulihamishwa kipande kwa kipande kutoka shamba jingine kwa kuwa mafuriko ya kijito yalikuwa yakiuharibu.

Lark Quarry

Takriban kilomita 110 kusini magharibi mwa Winton iko Lark Quarry, yenye nyayo zaidi ya 3,000 kwenye uso mmoja wa mwamba. Zilifukuliwa mwaka 1976 na 1977, na leo zimo ndani ya jengo linalozikinga na jua, mvua na mifugo.

Wataalamu wa kwanza walieleza kwamba ni alama za kundi la dinosauri wadogo waliotimua mbio baada ya kuvamiwa na mla nyama mkubwa. Tangu 2011 watafiti wengine wamepinga maelezo hayo. Wanasema kwamba nyayo kubwa huenda ni za mla majani, na kwamba baadhi ya alama ndogo ziliachwa na wanyama waliokuwa wakivuka maji. Mjadala huo unaonyesha faida ya kuacha nyayo mahali pake: kila kizazi cha watafiti kinaweza kurudi na kuzipima upya.

Richmond na Hughenden

Makumbusho ya Kronosaurus Korner mjini Richmond yana reptilia wa baharini, pamoja na Kunbarrasaurus, dinosauri mwenye magamba ya mfupa aliyepatikana mwaka 1989 akiwa karibu mzima. Nje ya mji kuna maeneo ambapo wageni huruhusiwa kutafuta visukuku wenyewe. Hughenden inajulikana kwa sanamu na mfano wa mifupa ya Muttaburrasaurus, dinosauri aliyegunduliwa mwaka 1963 karibu na mji wa Muttaburra, kusini zaidi.

Mambo hayakuwa hivi siku zote. Mabaki makubwa ya Kronosaurus yaliyochimbwa karibu na Richmond na msafara wa Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1931 na 1932 yalisafirishwa hadi Marekani, na mpaka leo yanaonyeshwa huko.

Ziara

Majira bora ya kutembelea ni kati ya Aprili na Septemba. Miezi ya Desemba hadi Machi ni ya joto kali, na mvua zake zinaweza kufunga barabara. Umbali kati ya miji ni mkubwa na vituo vya mafuta ni vichache, hivyo wasafiri hubeba maji ya akiba na kuuliza hali ya barabara kabla ya kuondoka.

Ulinganisho na Tendaguru

Historia kama ile ya Kronosaurus inajulikana pia nchini Tanzania. Kati ya 1909 na 1913 mamia ya wafanyakazi wenyeji walichimba mifupa ya dinosauri katika kilima cha Tendaguru, mkoani Lindi, wakaibeba kwa miguu hadi pwani. Mifupa hiyo ilipelekwa Ujerumani, na Giraffatitan, mwenye kimo cha zaidi ya mita 13, amesimama katika makumbusho ya Berlin. Tofauti kati ya Tendaguru na Winton haiko katika utajiri wa ardhi. Winton pana maabara, ghala na wenyeji waliofundishwa kazi, na kwa hiyo mfupa unaotoka shimoni una mahali pa kwenda bila kuondoka nyumbani.