Wakati wa Kufungia Kumbukumbu ya Kompyuta

Tukitaka kulieleza jambo hili darasani, yafaa tuanze na lile wanalolijua watoto wa Tanga na Pangani. Nahodha wa dau huweza kuiweka kamba ya akiba chini ya mizigo, lakini upo wa kukumbia maji hauweki mbali na mkono. Wimbi halimngoji autafute.

Kompyuta nayo, kumbukumbu ikiwa haba, huhamishia diskini kurasa zisizotumika na kuzirudisha zinapohitajiwa. Kwa programu ya kawaida huko ni kuchelewa tu. Lakini kifaa kinapoikatiza kazi, utaratibu wa kukipokea hauwezi kungoja diski. Ukurasa wake ukikosekana, mashine nzima huweza kusimama. Kwa hiyo hatuna budi kuufungia utaratibu huo kabla ya kuuandikisha, pamoja na data zote unazozigusa (hizi ndizo wanagenzi wanazozisahau), na kuufungua baada tu ya kuuondoa.

Tusifungie kila kitu, kwani programu nyingine zitakosa nafasi. Mfumo wa Linux hauhamishi kamwe kurasa za kiini chake. Ule wa Windows huhamisha baadhi, na huko ndiko uangalifu unakotakiwa.