Pikipiki ya bwana shamba inakojoa

Nilipanga wiki hii tuendelee na viwavijeshi kwenye mahindi, lakini ngoja kwanza niwasimulie yaliyonikuta. Wengi wenu mna pikipiki, na wenye bustani kule Korogwe na Mombo mna pampu za petroli za kumwagilia. Hili linawahusu.

Mimi natembelea Honda XL 125 ya zamani, niliinunua kwa mtu. Kwa vile imeinuka na ina tairi za vipara vikubwa, vijana wa hapa Handeni wanaiita pikipiki ya mashindano. Haya, mashindano ya kutoka Handeni hadi Korogwe, kilomita 65, nikiwa na mbegu kwenye keria. Kwenda na kurudi nilizoea lita nne hivi. Mwezi wa pili nikaanza kuwekea akiba kabla hata sijafika Korogwe. Nikamlaumu yule kijana anayeuza petroli kwenye chupa, nikasema ananipunja. Nimeshamwomba radhi.

Siku moja nikapita kwa mama mmoja maeneo ya Sindeni kuangalia shamba lake kabla ya masika. Jua kali, nikaegesha kwenye kivuli cha banda lake la jiko. Tumekaa tunaongea habari za nafasi ya kupanda, mama ananusanusa, halafu akasema, "Bwana shamba, pikipiki yako inakojoa."

Nikacheka. Nilipoinama kuchungulia, kicheko kikakatika. Tone, tone, tone chini ya injini, na mchanga umeshalowa kama sahani. Hatua nne kutoka hapo mafiga matatu yanawaka, sufuria ya mihogo juu. Tukaisukuma mimi na mjukuu wake hadi chini ya mwembe, mama naye akamwagia moto maji bila kuuliza. Mihogo ile haikuiva siku hiyo.

Niseme wazi kwa nini niliogopa. Petroli haingoji joto ili itoe mvuke, na mvuke wake ni mzito kuliko hewa. Haupandi kama moshi, unatambaa chini chini hadi ukutane na cheche. Tulioshuhudia habari za Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipopinduka na kulipuka, tunajua. Zaidi ya watu 100 walikufa.

Basi nikaipeleka kwa fundi. Akatazama tone linaning'inia chini ya kabureta, akasema gasketi ya bakuli imekufa. Tukabadilisha, nikalipa, nikarudi nyumbani. Kesho yake tone liko pale pale. Nikarudi, akasema basi ni sindano ya boya. Nikaona hapa nitanunua kabureta nzima kipande kipande.

Jumamosi nikaamua kutafuta mwenyewe. Injini imepoa, pikipiki iko nje uwanjani, simu nimeiacha ndani, watoto nimewafukuza. Kitu cha kwanza nilifunga koki ya tanki, nikapangusa kila mahali kwa kitambaa kikavu, nikatandika kipande cha boksi chini. Nikakaa nusu saa. Boksi kavu. Maana yake tanki halijatoboka, na koki inafunga vizuri. Nikafungua koki bila kuwasha injini. Hazikupita dakika tano, tone hilo hapo. Kwa hiyo uvujaji uko chini ya koki, na hauhitaji mtikisiko wa injini.

Sasa ile sindano ya boya. Ikishindwa kufunga, petroli hujaa kwenye bakuli la kabureta na kutokea kwenye kile kipaipu kinachoning'inia chini. Nikakichomeka kwenye chupa tupu ya maji. Chupa ikabaki kavu huku boksi linalowa. Sindano haina kosa. Nikachungulia na oili pia, maana kabureta ikifurika sana petroli huweza kuingia hadi kwenye injini, oili ikawa nyepesi na kunuka. Yangu ilikuwa salama.

Nikachukua poda ya mtoto (mama watoto hakufurahi) nikaipaka kuanzia kwenye koki, kwenye paipu, hadi kabureta. Poda ikilowa inabadilika rangi mara moja. Mstari wa unyevu haukuanzia kwenye kabureta. Ulianzia juu kabisa, chini ya klipu inayobana paipu kwenye koki, ukateremka kwa nje ya paipu, ukazunguka bakuli, ndipo ukadondoka. Mimi na fundi wote tulikuwa tunatazama mwisho wa safari.

Nikatoa klipu. Paipu ina ufa kama ukucha, umejificha kabisa. Na hapa ndipo aibu yangu ilipo: ile paipu niliiweka mimi mwenyewe mwaka jana. Niliikata kwenye bomba bovu la mgongoni la kunyunyizia dawa, nikaona imeenea, nikajipongeza. Plastiki ya maji ikikaa na petroli hukauka, inakuwa ngumu kama mfupa, halafu inapasuka pale inapobanwa. Paipu ya mafuta yenyewe, ya mpira mweusi, inauzwa kwa kipimo kwenye duka la spea, na bei yake haifiki hata nauli ya kwenda kwa fundi.

Ninyi wenye pampu, nendeni mkaangalie leo. Nimeshaona tatu zimefungwa paipu za maji. Ukimaliza kumwagilia funga koki, usijaze tanki injini ikiwa ya moto, na usilaze pampu ndani unakolala au stoo yenye mbolea ya CAN.

Juzi nimerudi Sindeni. Nimeegesha mbali, chini ya mwembe, koki nimefunga. Mama akatoka, akaizunguka pikipiki, akainama, akanusa. Kisha akanionyesha mahindi yake, yamefika magotini, na majani ya katikati yametobolewa. Kwa hiyo viwavijeshi tunavirudia wiki ijayo.