NDOO ELFU KWENYE BOMBA MOJA
Kwa nini ukurasa wa habari hukwama siku tunapouhitaji zaidi

Bila shaka unaikumbuka asubuhi ya Jumamosi, tarehe 10 Agosti, 2019. Lori la petroli lilipinduka Msamvu, mjini Morogoro. Watu wakakimbilia kuchota mafuta yaliyomwagika, na wengi wao walikuwa vijana waendeshao bodaboda. Kisha moto ukalipuka. Siku ile ile walihesabiwa waliokufa zaidi ya 60. Majeruhi wengi walikuwa wameungua vibaya sana, na siku zilizofuata wengine wakafariki hospitalini, hata hesabu ikapita 100.

Sisemi haya ili kuamsha tena majonzi. Nataka tutazame jambo moja tu, nalo ni jinsi habari inavyopanda mlimani siku kama ile. Kinole, Matombo, Mgeta, Tegetero: ni kijiji gani kisicho na kijana wake mjini? Tuseme mama mmoja anampigia simu mwanawe, haipokelewi. Anapiga tena, kimya. Jirani mwenye simu ya intaneti anafungua ukurasa wa habari. Kiduara kinazunguka, kinazunguka, ukurasa haufunguki. Mama anauliza, "Wanasemaje, mwanangu?" Kijana hana la kumjibu.

Jambo hili hutokea po pote duniani siku ya habari kubwa. Ukurasa uliofunguka vizuri jana unakwama leo, siku tunapouhitaji zaidi. Kwa nini? Na je, sisi wasomaji tunayo sehemu yetu katika kukwama huko?

HABARI INAYOANDIKWA MBELE YA MACHO YAKO

Gazeti hupigwa chapa mara moja, likasomwa juma zima. Lakini siku hizi ziko kurasa za mtandao ambazo huandikwa huku jambo lenyewe likiendelea. Idhaa ya Kiswahili ya BBC, iliyoanza kutangaza kwa redio mwaka 1957, inao ukurasa wa namna hiyo uitwao "Moja kwa Moja". Habari mpya hukaa juu, ya zamani husukumwa chini, na kila habari ina saa yake.

Nyuma ya ukurasa kama huo wako watu. Mmoja yuko mahali pa tukio na simu yake. Mwingine yuko chumba cha habari, anaandika mistari michache michache. Mhariri anaisoma na kuuliza, "Nani amesema hivi?" Akiridhika, anairuhusu itoke. Kazi hiyo huendelea saa nyingi bila kupumzika.

MPISHI NA WAGENI WAKE

Ukurasa wa habari unakaa ndani ya mashine iitwayo seva. Unapogusa simu yako, unapeleka ombi kwa seva hiyo. Nayo hutafuta habari katika hifadhi yake, huzipanga, hutia picha na matangazo, kisha hukuletea. Kwa mtu mmoja, kazi hii huisha kufumba na kufumbua.

Sasa fikiri harusi ambayo mpishi anawasha moto na kusonga ugali upya kwa kila mgeni. Wageni kumi atawaweza. Wakija elfu kwa pamoja, je? Hata awe hodari namna gani, foleni itafika barabarani. Ndivyo ilivyo kwa seva. Haijakukataa wewe, imezidiwa.

Tena kuna shida ya pili. Ukurasa wa moja kwa moja una desturi ya kuuliza wenyewe, "Kuna jipya?" Tupige hesabu. Watu 100,000 wameufungua, na kila simu inauliza mara moja katika sekunde 30. Hayo ni maombi zaidi ya 3,300 kila sekunde, hata kama hakuna neno jipya lililoandikwa! Ongeza sasa wale wasio na subira, wanaobonyeza tena na tena. Kila kubonyeza ni ombi jipya, na huenda seva bado inahangaika na lile la kwanza. Ni sawa na mgeni aliyeagiza sahani tano naye atakula moja.

WAJUAO KAZI HUFANYA NINI?

Kwanza, hupika chungu kimoja kikubwa. Seva hutengeneza ukurasa mara moja, huweka nakala tayari, na kila ajaye hupewa nakala ile ile. Nakala ikibadilishwa kila baada ya sekunde 10, basi seva hupika mara sita tu kwa dakika, wawe wasomaji mia au laki. Msomaji hucheleweshwa sekunde chache, lakini hula.

Pili, huweka matangi njiani. Sisi watu wa Uluguru tunalifahamu jambo hili. Vijito vya milima yetu vinaingia mto Ruvu, na maji ya Ruvu yananywewa hata Dar es Salaam. Lakini watu wa Dar es Salaam hawaji na ndoo mlimani. Maji yanavutwa, yanasafishwa, yanawekwa katika matangi, na kila mtaa unapata kwa bomba lake. Vivyo hivyo nakala za ukurasa huwekwa katika mashine za miji mingi, na kila msomaji huchota kwa iliyo karibu naye. Faida yake ilionekana tarehe 12 Mei, 2024. Siku hiyo nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilikatika, na intaneti ikazorota Tanzania na nchi jirani. Nakala iliyowekwa ndani ya nchi haina haja ya kuvuka bahari.

Tatu, hupunguza mzigo. Tarehe 11 Septemba, 2001, Marekani iliposhambuliwa, watu wengi mno waliufungua ukurasa wa CNN kwa wakati mmoja, ukazidiwa. Wenyewe wakaondoa karibu kila kitu, wakabakiza maneno machache. Walifanya vema, maana ukurasa wenye picha waweza kufika megabaiti 2, lakini habari ya maneno 200 haizidi sana kilobaiti moja na nusu. Kwa uzito wa ukurasa mmoja wa picha, ungeweza kupeleka habari ya maneno mara elfu moja na zaidi.

Nne, hupeleka mstari mpya tu. Simu yako haina haja ya kuletewa tena yote uliyokwisha kusoma. Inauliza, "Baada ya habari ya saa tano na robo, kuna nini?" Likiwapo neno jipya, linaletwa hilo peke yake.

Tano, huwawekea waandishi mlango wao. Kama mwandishi anapita mlango ule ule wa wasomaji, atanaswa katika msongamano ule ule. Habari atakuwa nayo mkononi, lakini hawezi kuiweka ukurasani. Kwa hiyo mahali pa kuandikia hutengwa na mahali pa kusomea.

Angalia, msomaji, katika njia hizo tano hakuna hata moja isemayo, "Nunua tu mashine kubwa zaidi." Mashine kubwa husaidia, lakini busara hutangulia.

Wazazi, mfano wa karibu mnao. Baraza la Mitihani linapotoa matokeo, nchi nzima hukimbilia mahali pamoja. Tazameni kurasa zile za matokeo: ni maandishi na majedwali tu, kila shule na ukurasa wake. Hazina urembo. Mtu aweza kuzidharau, lakini ukurasa mwepesi namna hiyo ndio unaofika hata kwenye simu ya mzazi wa Bunduki aliyesimama juu ya jiwe akitafuta mtandao.

NASI WA MLIMANI JE?

Hata seva ikiwa nzima, iko safari ya mwisho, kutoka mnara wa simu hadi mkononi mwako. Kwetu milima ni mingi na mabonde ni marefu. Walio upande wa Kinole wametengwa na mji na mlima Lupanga. Mnara mmoja huhudumia watu wengi, na siku ya msiba wote hushika simu kwa pamoja. Picha na video huziba njia; maneno hupenya. Kwa hiyo mwandishi anayeondoa picha siku ile hafanyi kazi duni. Anamkumbuka mtu wa mwisho bondeni, mwenye kifurushi cha shilingi mia chache.

UPESI NA UKWELI

Liko jambo moja kubwa kuliko mashine zote. Ukurasa ukifunguka upesi nao unasema uongo, afadhali ungekwama.

Siku ya Msamvu hesabu ya waliokufa iliongezeka saa kwa saa, kisha siku kwa siku. Hii haina maana kwamba waliotaja hesabu ya kwanza walidanganya. Walisema walichojua saa ile. Ndiyo sababu ukurasa mwema huandika saa, hutaja aliyesema, na ukikosea hukiri waziwazi badala ya kufuta kimyakimya. Tena hautangazi jina la marehemu kabla jamaa zake hawajaambiwa. Mama hapaswi kusikia kifo cha mwanawe kutoka kwa simu ya jirani.

MAMBO MANNE YA KUSHIKA

Basi, siku ya habari kubwa ikifika, shika haya.

Usibonyeze bonyeze. Ukurasa ukichelewa, ngoja dakika moja au mbili, ndipo ujaribu tena. Unajisaidia wewe, na unamsaidia mwenzako aliye nyuma yako.

Mmoja asome kwa niaba ya wengi. Simu moja barazani yaweza kuhudumia nyumba kumi. Washeni na redio, maana redio haielemewi hata wakisikiliza watu milioni.

Tazama saa kabla ya kumwambia mtu. Habari ya asubuhi si habari ya jioni. Ukimtumia mtu, mtumie na saa yake na jina la aliyesema.

Ukimtafuta ndugu yako na simu yake haipatikani, mwandikie ujumbe mfupi. Ujumbe ni mwepesi kuliko maongezi, waweza kupenya pale simu inaposhindwa, nao humngoja mpaka atakaposhika simu yake.

Na ninyi vijana mnaosomea mambo ya kompyuta mjini, huenda siku moja mtawekwa kulinda ukurasa kama huo. Siku hiyo msiulize kwanza kama unapendeza. Ulizeni kama utafunguka kwa mama yule wa Kinole, mwenye simu ya kuazima na mtandao wa kubahatisha, anayetaka kujua neno moja tu: mwanangu yu hai? Mkiutengeneza hata umfikie yeye, utawafikia wote.